Kamera tatu, harusi moja: Umbo la picha linavyoweza kumletea hasara mpiga video

DESEMBA ikifika, barabara za kutoka Moshi mjini kwenda Marangu, Machame, Kibosho, Uru na Rombo hujaa magari. Wachagga wanaoishi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na nje ya nchi hurudi nyumbani kula sikukuu. Ndiyo maana mwezi huo huwa na harusi, sherehe za kuwaaga mabinti, ubarikio na kipaimara karibu kila kijiji. Mwenye ndafu hupata soko, mwenye mbege hupata soko, mwenye maturubai na viti hupata soko. Mpiga video naye huvuna.

Lakini kama ilivyo kwa kahawa, kuvuna ni jambo moja na kuuza ni jambo jingine. Kazi ya video huuzwa siku ile familia inapokaa sebuleni, ikawasha luninga na kutazama. Kama bwana harusi ameonekana mnene ghafla, kama kichwa cha mchungaji kimekatwa, au kama bibi aliyewabariki wajukuu amebanwa katikati ya pande mbili nyeusi, hapo ndipo mabishano ya malipo huanza.

Mara nyingi chanzo si kamera mbovu. Chanzo ni kuchanganya picha zenye maumbo tofauti bila kujua kanuni za kuzipatanisha.

Jinsi tatizo linavyoanza

Chukua mfano wa harusi ya Mwika. Mpiga video ana kamera yake mpya, ameiweka mbele karibu na madhabahu. Msaidizi wake ana kamera ya zamani ya mkanda mdogo wa dijitali, amesimama nyuma ya kanisa. Halafu kuna mpwa wa bibi harusi, ana simu. Asubuhi, kabla ya watu kutoka nyumbani, mpwa huyo ndiye peke yake aliyekuwa kihambani, bibi mzaa mama alipowawekea mikono wajukuu na kuwaombea. Alipiga kwa dakika mbili, simu ikiwa imesimama wima.

Kamera ya kwanza hutoa picha ndefu kwa upana, inayoitwa 16 kwa 9. Kamera ya pili hutoa picha inayokaribia mraba, 4 kwa 3. Simu iliyosimama hutoa picha ya 9 kwa 16, yaani nyembamba na ndefu kwenda juu. Maumbo haya matatu lazima yaingie katika kioo kimoja cha luninga.

Mhariri asiyejua hufanya jambo moja kati ya mawili. Ama anaivuta kila picha mpaka ijaze kioo, ama anaiacha kompyuta iamue yenyewe. Njia zote mbili ni za hatari.

Maumbo haya yametoka wapi?

Umbo la 4 kwa 3 ni la zamani sana. Lilianza katika filamu za mwishoni mwa karne ya 19, katika maabara ya Thomas Edison huko Marekani. Luninga zilipokuja zilichukua umbo hilohilo. Wakati ITV ilipoanza kurusha matangazo nchini mwaka 1994, seti zilizokuwa sebuleni zilikuwa za kioo cha 4 kwa 3, na mikanda ya VHS ya harusi za miaka hiyo ilipigwa kwa umbo hilo.

Umbo la 16 kwa 9 lilipendekezwa miaka ya 1980 na mhandisi Kerns Powers wa Marekani. Lilikuwa suluhu kati ya luninga ya 4 kwa 3 na filamu za sinema ambazo ni pana zaidi. Hapa nchini, mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na Moshi ikafuata mwaka 2013. Luninga bapa zenye kioo kipana zikaenea mpaka vijijini. Simu nazo zikaleta umbo la wima, kwa sababu ndivyo mkono unavyoishika simu.

Kwa hiyo familia moja ya Kilimanjaro leo inaweza kuwa na kumbukumbu za vizazi vitatu katika maumbo matatu. Anayetaka kuishi kwa kazi ya video hana budi kuyajua yote.

Hesabu ambayo kila mhariri aijue

Picha ya dijitali imejengwa kwa nukta ndogo zinazoitwa pikseli. Kioo cha luninga kinachotumika sana kwa kazi hizi kina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Picha ya kamera ya mkanda ya mfumo wa PAL, ambao ndio wetu, ina pikseli 720 kwa 576. Ukizidisha utaona kwamba picha mpya ina pikseli mara tano ya ile ya zamani.

Sasa tazama kinachotokea kwa kila umbo.

Picha ya 4 kwa 3 ikiingizwa nzima katika kioo cha 1920 kwa 1080, inachukua upana wa pikseli 1440. Zinabaki pikseli 240 kila upande, nazo huwa nyeusi. Hakuna kilichopotea wala kuharibika.

Picha hiyohiyo ikivutwa upande kwa nguvu ili ijaze kioo, kila kitu kinapanuka kwa theluthi moja. Uso wenye upana wa sentimita 15 unakuwa wa sentimita 20. Pete ya ndoa inakuwa yai. Hili ndilo kosa linalowaudhi wateja kuliko yote, kwa sababu hata mtoto analiona.

Ikikuzwa pande zote kwa usawa mpaka ijaze kioo, sura hazipotoki, lakini robo ya picha hukatwa juu na chini. Kompyuta ikiachwa yenyewe hukata sawasawa, nusu juu na nusu chini. Kanisani vichwa vya watu viko juu ya picha, kwa hiyo vichwa ndivyo vinavyokatwa. Dawa yake ni kuisogeza picha chini kwa mkono ili vichwa vibaki, na kinachokatwa kiwe migongo ya mabenchi.

Picha ya simu ya wima ikiingizwa nzima inachukua upana wa pikseli 608 hivi, chini ya theluthi moja ya kioo. Ikikuzwa ijaze kioo, zaidi ya theluthi mbili ya picha hupotea. Bibi aliyesimama akionekana kuanzia kilemba hadi kanga atabaki uso na mabega, au kiuno peke yake, kutegemea mhariri amesimamisha wapi.

Mtego wa mikanda ya zamani

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Baadhi ya kamera za mikanda zilikuwa na kitufe cha kupiga picha pana. Kamera hizo ziliibana picha ya 16 kwa 9 ndani ya pikseli zilezile 720 kwa 576, zikaweka alama kwamba wakati wa kuonyesha itanuliwe.

Programu ya kuhariri isiposoma alama hiyo, watu huonekana warefu na wembamba kama miti ya mikaratusi. Mhariri akiona hivyo asianze kuvuta kwa kukisia. Aingie katika maelezo ya faili hilo ndani ya programu, abadilishe uwiano wa pikseli uwe wa PAL pana. Picha itakaa sawa yenyewe. Kipimo chepesi ni kutafuta kitu cha mviringo katika picha, kama saa ya ukutani, sahani au tairi la gari la maharusi. Kikiwa duara, umbo ni sahihi. Kikiwa yai, kuna kosa.

Mikanda hiyo pia ina mistari inayopishana. Mtu akitembea haraka, kingo zake huonekana kama meno ya kitana. Programu nyingi zina sehemu ya kuondoa mistari hiyo, na ni vyema ifanyike kabla ya kuikuza picha.

Amua umbo la mwisho kwanza

Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kupima. Vivyo hivyo, mhariri anatakiwa kuamua kwanza kazi itatazamwa wapi.

Kama ni luninga ya sebuleni, afungue kazi ya 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Kama mteja anataka pia kipande cha kuweka kwenye simu, hicho kifanywe kazi ya pili, fupi na ya wima. Kujaribu kutoa kazi moja itakayofaa kote huishia kutofaa popote.

Kama kazi ni ya kuhifadhi mikanda ya zamani ya familia, na karibu yote ni ya 4 kwa 3, hakuna sababu ya kuikata. Iachwe katika umbo lake. Mzee anayemtafuta marehemu ndugu yake katika harusi ya miaka ya 1990 hatajali pande nyeusi, ila atajali sana kama ndugu huyo alikuwa pembeni na amekatwa.

Baada ya hapo ndipo kamera ziunganishwe. Programu nyingi huruhusu kuziweka kamera zote pamoja na kuchagua ipi ionekane wakati upi. Jambo la kukumbuka ni kwamba marekebisho ya umbo yafanywe kwenye kila kamera kabla ya kuanza kuchagua. Ukiirekebisha kamera ya nyuma mara moja pale mwanzo, kila utakaporudi kwake itakuwa tayari. Anayesubiri mpaka amalize kukata atajikuta anarekebisha vipande 200 kimoja kimoja, na viwili vitatu vitamponyoka. Hivyo vilivyomponyoka ndivyo mteja atakavyoviona.

Programu za kazi hii si lazima ziwe za gharama. DaVinci Resolve ina toleo la bure, na Kdenlive na Shotcut ni za bure kabisa. Kinachohitaji fedha ni kompyuta yenye nguvu na mahali pa kuhifadhi.

Njia nne za kuipa heshima picha ya simu

Tukirudi kwa yule bibi wa Mwika, dakika zake mbili haziwezi kupigwa tena. Kumpuuza kwa sababu picha yake ni ya wima ni kosa. Zipo njia nne za kumweka katika kazi.

Kwanza, kutumia picha yake yenyewe kama pazia. Nakala ya picha hiyo hukuzwa ijaze kioo, ikafifishwa na kutiwa giza kidogo, halafu picha halisi ikawekwa juu yake katikati. Jicho linabaki kwa bibi, na pande nyeusi hazipo.

Pili, kuweka picha tatu za wima pamoja. Tatu zenye upana wa pikseli 608 hufanya 1824, na zinaingia ndani ya 1920 zikibakiza nafasi ndogo kati yake. Kama wageni watatu walipiga tukio moja kwa simu, kwa mfano ndafu ikiingizwa ukumbini, hapo udhaifu unageuka pambo.

Tatu, kama simu ilipiga kwa ubora wa 4K, picha ya wima ina upana wa pikseli 2160. Hiyo inatosha kujaza kioo cha 1920 bila kuleta chenga. Mhariri anaweza kuanza na mikono ya bibi juu ya vichwa vya wajukuu, kisha akapandisha picha taratibu mpaka usoni. Kwa simu iliyopiga upana wa 1080 tu, njia hii huleta ukungu.

Nne, kuiweka picha ya wima upande mmoja wa kioo, na upande wa pili kuweka picha mnato, majina ya maharusi au tarehe.

Katika njia zote hizi, kanuni ni kutochezacheza. Mtazamaji akibadilishiwa mtindo kila baada ya sekunde tatu huchoka. Mtindo mmoja uchaguliwe kwa picha zote za simu, utumike mwanzo hadi mwisho.

Sauti na mwendo navyo vina umbo

Maumbo yakishapatana, mwendo nao uangaliwe. Mfumo wetu wa PAL ni wa fremu 25 kwa sekunde. Simu nyingi hupiga 30, na tena idadi hiyo hupanda na kushuka kulingana na mwanga. Kamera aliyotumiwa mtu na ndugu yake aliyeko Marekani nayo huwa ya karibu 30. Zikichanganywa ovyo, midomo na maneno huachana kadiri ibada inavyoendelea. Ni vyema faili za simu zigeuzwe kwanza ziwe za mwendo usiobadilika. Programu ya bure ya HandBrake hufanya kazi hiyo.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kamera yenye mpangilio wa Marekani inaweza kuonyesha taa za ukumbini zikipepesa. Kuweka kasi ya shata katika 1/50 hupunguza tatizo hilo.

Ili kuoanisha kamera, kofi moja kubwa mbele ya kamera zote kabla ya ibada linatosha. Lakini ikumbukwe kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kamera iliyo mita 34 nyuma ya kanisa husikia kwaya ikiwa imechelewa kwa moja ya kumi ya sekunde, sawa na fremu mbili na nusu. Ndiyo maana oanisho la sauti peke yake linaweza kuonekana limepinda kidogo. Jicho ndilo liamue, na sauti ya kazi nzima itoke katika kipaza sauti kimoja kilicho karibu.

Hasara iko wapi?

Tuseme malipo ya kazi ni Sh 600,000, na kamati ya harusi imetoa nusu kama kianzio. Hizo Sh 300,000 za kwanza zimeshakwenda kwenye nauli, msaidizi, kadi za kumbukumbu na chakula. Faida yote imo katika nusu iliyobaki. Mteja akikataa kazi, mhariri atatumia siku nne kuirudia bila malipo, wakati harusi nyingine inasubiri. Msimu ni wa wiki chache tu. Siku nne za Desemba si sawa na siku nne za Machi.

Kwa upande wa familia hasara ni kubwa zaidi. Fedha za harusi zimetoka kwa mama anayeuza ndizi sokoni, kwa mzee aliyeuza kahawa, kwa watoto walioko mjini. Fedha hiyo hutafutwa tena. Baraka za bibi hazitafutwi tena.

Mambo ya kukubaliana mapema

Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya sherehe, mpiga video na kamati waandikiane mambo yafuatayo:

• Kazi itatolewa katika umbo gani, na itatazamwa kwenye luninga, simu au vyote.

• Nani katika familia atakusanya picha za simu, na mwisho wa kuzikusanya ni siku gani. Zipokelewe faili zenyewe, kwa kebo au kadi. Zikipitia mitandao ya ujumbe kama video za kawaida hubanwa na kupoteza ubora.

• Marekebisho ni mara ngapi bila malipo. Mara moja au mbili ni haki kwa pande zote.

• Faili za awali zitahifadhiwa kwa muda gani, na ziwe nakala mbili katika vifaa viwili tofauti.

Wasaidizi nao waelezwe mapema. Wenye simu walaze simu zao, isipokuwa pale mtu mmoja amesimama peke yake. Mwenye kamera ya 4 kwa 3 aache nafasi juu ya vichwa na chini ya viuno, ili mhariri apate pa kukata. Wote wapange kamera zao kwa mwanga uleule. Anayepiga chini ya migomba ajue kuwa majani hurudisha rangi ya kijani usoni, na picha zake hazitafanana na za kanisani zisiporekebishwa.

Si kwa harusi tu

Elimu hii inawafaa hata wakulima. Kikundi kinachotaka kurekodi mafunzo ya kupogolea kahawa au kupandikiza migomba kinaweza kutumia simu za wanachama wenyewe. Mti mmoja unaopogolewa unakaa vizuri katika picha ya wima. Mstari wa miche kitaluni unataka picha ya kulala. Anayejua kuviunganisha viwili hivyo atatoa somo ambalo mkulima wa kijiji kingine atalielewa bila kufika.

Kijana mwenye kompyuta moja na subira anaweza kujiajiri kwa kazi hii huko huko Himo, Kiboriloni au Machame bila kuhamia mjini. Aanze na mkanda mmoja wa zamani wa nyumbani kwao, atafute sahani au tairi katika picha, na ahakikishe ni duara. Akishaliweza hilo, ndipo achukue kianzio cha mtu.